Mwiba Kwenye Katambuga ya Mzee Ndahani

Mkianza kazi kwenye kliniki ya kisukari, kitu cha kwanza mtakachopewa ni mashine ya kupima sukari, na mtaipenda. Hata mimi niliipenda. Inatoa namba, na namba inamfanya muuguzi ajione anajua. Lakini mimi Paulina, niliyestaafu juzi juzi baada ya kuvaa gauni la uuguzi hapa Karatu tangu usichana wangu mpaka magoti yakaanza kulia, nawaambia hivi: mwangalieni mtu miguu kabla hamjamtoboa kidole. Mnaotaka kubisha subirini nimalize.

Miguu nilifundishwa na tabibu mmoja, Bwana Tarmo, Mwiraqw mwenzangu, mrefu, mkali, asiyecheka hata picha ikipigwa. Mgonjwa akiingia, Tarmo anavuta kigoda, anakaa chini kabisa, anasema, "Lete mguu." Wazee walikuwa wanaona haya, daktari kukaa chini yao namna ile. Mmoja alimwambia, "Bwana mganga, mimi naumwa sukari, siumwi mguu." Tarmo akamjibu, "Kwani sukari yako unadhani inaishi wapi, kwenye chai tu?" Halafu akaendelea kumvua soksi kama mama anayemvua mtoto.

Alinifundisha kupima kwa ncha ya kidole. Mgonjwa anafumba macho, wewe unagusa kidole cha mguu kidogo tu, bila kubonyeza, naye anasema umegusa kipi. Na hapa sikilizeni vizuri, maana vitabuni hili halimo: msimwulize "Unasikia?" Mtu wa kwetu ukimwuliza "Unasikia?" atasema "Nasikia, Nesi," hata kama mguu umekufa ganzi mpaka kifundoni. Anasema hivyo kwa heshima, hataki kukuvunja moyo. Mwulize "Wapi?" Hapo adabu haimsaidii, itabidi aseme ukweli. Na mwangalieni machoni, wapo wanaochungulia.

Enzi hizo kazi yetu kubwa ilikuwa kukataza. Acha sukari, acha pombe, acha wali, acha mafuta, acha kukaa. Tulikuwa na picha kubwa ukutani ya sahani ya chakula bora, na kwenye sahani ile kulikuwa na mboga ambayo mpaka leo sijaiona sokoni Karatu. Wagonjwa waliitazama kama wanavyotazama tangazo la ndege. Wanaitikia "Sawa Nesi", wanakwenda nyumbani, wanaendelea na maisha yao, mwezi ujao wanarudi sukari iko juu nasi tunawagombeza upya. Tulikuwa tunaita kazi hiyo elimu ya afya.

Mtu aliyenitoa kwenye kukataza hakuwa mtaalamu. Tulikuwa tumekwenda na huduma ya mkoba, ile kliniki ya kuwafuata watu waliko, upande wa Endulen, kule ndani ya hifadhi ambako kulima kumezuiwa na watu wanaishi kwa ng'ombe na kwa unga wa kununua. Nikamwambia mama mmoja wa Kimaasai, Mama Naserian, apunguze sukari kwenye chai. Mtafsiri akamtafsiria, mama akacheka mpaka shanga zikalia. Akasema, "Mwambie Nesi, mgeni akija nikampa chai isiyo na sukari, atakwenda kusema nimemfukuza." Nilikuwa tayari kuanza mahubiri yangu, lakini nilikuwa nimechoka na barabara, nikajikuta namwuliza tu, "Sasa wewe kwako ungefanyaje?" Akafikiri kidogo. Akasema chai inapochemka atajimiminia yake kwanza, ndipo sukari iingie sufuriani. Basi, imekwisha, wageni wakaendelea kunywa tamu yao na yeye akashuka sukari taratibu. Tangu siku hiyo kila nikitaka kukataza kitu najing'ata ulimi, nauliza kwanza. Si mara zote naweza, mimi ni mtu wa maneno mengi.

Sasa niwape habari ya Mzee Ndahani, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Mzee Ndahani ni Mgogo aliyekuja huku kijana kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, akazeeka huku. Alipopumzika kazi alinunua kipande cha shamba kijijini Buger, akawa analima mbaazi na maharage. Mke wake alishafariki. Aliishi na mtoto wake wa kiume, Yohana, dereva wa watalii, ambaye kuishi kwenyewe ni kwa simu tu, maana msimu wa wageni ukianza haonekani, yuko Serengeti na bonde la kreta. Kwa hiyo nyumbani alikuwepo mzee, mke wa Yohana aitwaye Rehema, na watoto wao wawili wadogo.

Nilipompima mzee kwa ncha ya kidole, akafumba macho, nikagusa vidole vyote. Nikauliza, "Wapi?" Akasema, "Si hujaanza bado?" Miguu yote miwili ilikuwa haina habari. Na macho yake yalikuwa na ukungu, hawezi kuona unyayo wake hata kwa kioo. Mtu wa namna hiyo akikanyaga mwiba hana wa kumwambia. Atatembea nao, unaoza ndani kimya kimya, na atakapoletwa hospitali mazungumzo yanakuwa ya kukata.

Utaratibu wetu wakati ule ulikuwa kwamba mgonjwa asiyeona vizuri awe na msimamizi nyumbani, yule anayempikia, amkague miguu kila jioni. Anayempikia alikuwa Rehema. Nikamwita, nikamweleza palepale mbele ya mkwe wake: unaangalia juu, unaangalia chini, unaangalia katikati ya vidole, ukiona chochote unanipigia simu. Rehema akaangalia sakafu. Akasema, "Sawa, Nesi." Mzee naye akaangalia dirishani. Nikadhani wamechoka na foleni.

Kila mwezi wakija nauliza, "Mnakagua?" Rehema anajibu, "Kila jioni, Nesi, hatujawahi kuacha." "Na kukoje?" "Safi." Nikawa nawatoa kama mfano kwa wagonjwa wengine, nikisema tazameni familia ya Mzee Ndahani. Watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa anainamisha kichwa, nikaona ni unyenyekevu.

Siku moja asubuhi, si siku ya kliniki, Rehema akaja peke yake kwa bodaboda. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kitenge. Salamu hakumaliza, akafungua kitenge mezani kwangu. Ilikuwa katambuga moja ya mzee, zile za tairi la gari ambazo watu wa huku tunavaa shambani.

"Nesi, angalia hapa."

Kwenye soli, kwa nje, kulikuwa na kichwa cha mwiba wa mgunga umezama kwenye tairi. Nikaigeuza. Kwa ndani, mahali panapokaa mzizi wa kidole gumba, mwiba ulikuwa umetokeza kidogo, umevunjika, na pembeni yake pana doa jeusi limekauka.

"Ncha haipo," Rehema akasema. "Nimetafuta mpaka kwenye majani. Juzi nilikuta safi, siku ya nyuma yake safi. Jana jioni ndio nimekuta hivi, na hii ni damu, Nesi."

"Na unyayo wenyewe ukoje?"

Akaigeuza tena katambuga pale mezani.

"Rehema. Mguu wenyewe umeukuta vipi?"

"Mimi nakagua viatu, Nesi."

Nikamwangalia kama nimesikia vibaya. Akasema pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Yule ni baba mkwe wangu. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata jina lake mimi sitaji. Nitamshikaje mguu?"

"Mbona ulisema sawa?"

"Ulisema mbele yake, Nesi. Ningekataa yeye amekaa pale? Wewe ungeona namkataa mzazi." Akafuta jasho. "Basi akivua viatu nikawa navichukua. Nikasema, mwiba hauwezi kufika mguuni bila kupita kwenye kiatu."

Hapo nilichoka kabisa. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilitaka kumkumbatia, yote kwa pamoja. Kila jioni mwanamke huyu alikuwa anageuza viatu vya tairi kwenye mwanga wa mlango, anapitisha mkono ndani, kwa sababu hakuweza kukataa wala kugusa, na katika vile viwili akajitafutia njia yake. Na njia ile ndiyo iliyotuletea habari. Lakini ncha ilikuwa bado mguuni, na mguu ulikuwa bado Buger. Nikachukua mkoba wangu tukapanda bodaboda.

Tulimkuta mzee amekaa nje anapukuchua mbaazi, amevaa mabuti ya mvua, jua kali vile.

"Mbukwa, mzee," nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza.

"Mbukwa, Nesi. Umekuja kula mbaazi?"

"Nimekuja kuona mguu."

"Mguu hauumi."

"Kutouma ndio shida yenyewe, baba. Vua buti."

Akaendelea kupukuchua. Rehema alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba, mimi nikadhani amekwenda kutuacha kwa heshima. Nikambembeleza mzee kwa kila njia niliyojifunza. Nikamwuliza yeye anaonaje, nikamwuliza yeye angefanyaje. Haikusaidia kitu. Mwishowe akasema linalomkaa moyoni.

"Nesi, shambani nilikuwa na rafiki, tulikuwa tunachuma mstari mmoja. Alikwenda hospitali na kidonda kama punje hii. Akarudi na mguu mmoja. Nyie mkiona mnakata. Mimi nitalima nini na mguu mmoja? Nitakaa hapa mke wa mtoto anioshe?" Akatikisa kichwa. "Kidonda ambacho hakijaonwa hakijakatwa."

Nilijua kila tunapokaa pale usaha unapanda, na nilijua siwezi kumvua mtu mzima buti kwa nguvu. Niliogopa, nawaambieni ukweli. Niliuona ule mguu unakwenda huku mwenyewe amekaa nao ananikaribisha mbaazi.

Ndipo nikasikia mtu anakuja kwenye uchochoro wa mihindi, anaongea kabla hajaonekana. Rehema alikuwa amekwenda kumwita. Alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi, jirani, fundi wa zamani wa karakana ya shamba lilelile. Kwa nyinyi mliokulia mjini: Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Zamani misafara ya wachukuzi wa Kinyamwezi ikipita Ugogo ilitozwa ushuru kwa maji ya kunywa, na mpaka leo wajukuu wanasutana kwa hilo. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakuingilia ndani, na ukikasirika umeshindwa wewe.

"Nimesikia Mgogo amekanyaga mwiba hajui," Maganga akasema, hata hakuniamkia. "Nikasema afadhali, huenda ni ule ushuru wa babu yangu umejificha humo, leo unatoka."

"Nenda huko, mchukuzi wewe. Nani kakuita kwangu?"

"Mguu umeniita. Umesema umechoka kukaa na wewe." Na huku anasema ameshapiga goti, ameshika buti kwa mikono miwili, anavuta. Mzee Ndahani akampiga kofi la kofia kichwani, akamtukana kwa Kigogo mambo ambayo nashukuru sikuyaelewa, lakini mguu hakuuvuta. Tayari alikuwa anacheka. Buti likatoka.

Harufu ilitufikia wote. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidoti cheusi, na kuzunguka kile kidoti unyayo umevimba, umeiva, una moto. Maganga akaangalia, nikaona uso wake umebadilika, ila mdomo haukusimama.

"Mguu mbaya hivi nani ataukata? Watachafua kisu chao," akasema. "Twende. Sisi kubeba mizigo tumezaliwa nayo, nitakubeba mpaka barabarani."

Na akambeba. Mzee mwenye umri ule akambeba mzee mwenzake mgongoni mpaka kwenye gari lililokuwa likipakia mbaazi za sokoni, na njia nzima wanatukanana. Nilichomeka maneno yangu mawili tu, kwamba pale nyumbani nisingechokonoa mwiba kwa pini wala kwa wembe, na nyinyi msije mkathubutu. Mguu wa kisukari unasafishwa panapostahili.

Hospitalini alipoingizwa kwa daktari tulikaa kwenye benchi sisi watatu. Maganga alikuwa ameshika lile buti, analipapasa. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo, "Nesi, wakikata nitamtania nani? Mtu asiyeweza kuinuka kunikimbiza simtanii, huo utakuwa ubaya." Rehema akaangua kilio ndani ya kitenge. Mimi nilikuwa nasali kwa Kiiraqw, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Daktari alikuwa binti kijana kama nyinyi. Alitoka akiwa bado amevaa glovu. "Ncha imetoka," akasema. "Ilikuwa bado haijafika mfupani. Atakaa na dawa za sindano, tutamsafisha kila siku, sukari tutaishusha. Mguu anabaki nao." Halafu akaongeza, "Mngechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Nilikaa tena kwenye benchi ijapokuwa nilikuwa nimeshasimama kuondoka. Machozi yalinitoka bila aibu yoyote. Nimekaa kazini miaka mingi, na nimewaona waliokatwa, nimewasaidia kufunga mikongojo, kwa hiyo furaha ya mguu unaobaki naijua uzito wake. Maganga aliingia wodini kabla hajaruhusiwa, nikamsikia anasema, "Wamekuachia. Wamesema hata fisi wa Buger hawana shida kiasi hicho." Na mzee akamrudishia tusi vizuri tu, kwa sauti yenye nguvu.

Mwezi uliofuata tulibadilisha swali pale kliniki. Hatukuuliza tena nani anapika. Tuliuliza, "Nani anaweza kukushika mguu na usione haya?" Jamani, majibu yalitushangaza. Wamaasai wengi walisema wa rika lao, yule waliyetahiriwa pamoja, na mke wala mtoto hakutajwa. Bibi mmoja wa Mbulu akasema wenzake wa kwaya, wakawa wanakaguana miguu Jumamosi baada ya mazoezi, wanaume wametolewa nje. Kuna aliyesema hana mtu, na hilo nalo ni jibu, huyo tukamwandalia siku yake tumkague wenyewe. Mzee Ndahani alisema, "Yule mchukuzi." Na Maganga akawa anakuja kila jioni na ndoo ya maji vuguvugu, maji anayapima kwa kiwiko chake kama nilivyomfundisha, maana mguu uliokufa ganzi unaungua bila kujua. Ukaguzi wa viatu tukauingiza pia kwenye mafunzo: pitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, geuza soli, ukiona mwiba hauna ncha usipumzike. Hilo nililifundisha kwa jina la Rehema mpaka siku ninastaafu, naye akija kliniki anajificha nyuma ya mlango.

Kwa hiyo mkiona mgonjwa anaitikia "Sawa" haraka haraka, mtilieni shaka. Msimtilie shaka yeye. Tilieni shaka mlichomwagiza. Mfuateni nyumbani kama nauli ipo, na kama haipo mwambieni awaeleze jioni yake yote, anavua nini, anakaa wapi, nani yuko karibu, nani hapaswi kuwa karibu. Inachukua muda. Foleni itanung'unika, na iacheni inung'unike.

Majuzi nilipita Buger kuwasalimia. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, mzee anarudi shambani kwa miguu yake miwili, jembe begani. Aliponiona akaniamkia kwa mbali. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akavua katambuga, akanyanyuka kidogo akaziweka kwenye kizingiti cha jiko, soli juu, akarudi kukaa. Rehema akatoka. Hakumtazama mkwe wake. Akaziokota, akazigeuza kwenye mwanga, akapitisha mkono ndani ya moja, akapitisha ndani ya nyingine, akazirudisha chini. Akasema "Safi," akiuambia ukuta, akaingia kuendelea na ugali.

Mimi na kiherehere changu nikamwuliza mzee, mbona macho yameshafanyiwa upasuaji na yanaona, mikono anayo, na Maganga anakuja na ndoo yake. Kwa nini hakagui viatu mwenyewe?

Akangoja mpaka akasikia sufuria linafunikwa ndani.

"Naweza, Nesi," akasema. "Lakini yeye hawezi kunishika mguu, na mimi siwezi kumshika mkono nikamwambia asante. Basi kila jioni namletea viatu."